Kipimo cha Mionzi katika Inchi ya Shinkolobwe

Katika vitabu vya historia ya Katanga mutu atakuta kurasa nyingi juu ya jiwe la Shinkolobwe: nani alilivumbua, nani alilinunua, tani ngapi zilipita katika treni, bomu gani lilitengenezwa nalo. Juu ya kipimo atakuta mistari michache. Nasi tunataka kusema juu ya kipimo. Maana hatari ya jiwe lile haionekani kwa macho, haisikiki kwa masikio, haina harufu wala ladha. Pasipo chombo cha kuipima hakuna mutu, hata awe mwenye elimu kubwa, anayeweza kusema iko hapa ao haiko. Kwa hiyo yule anayeshika chombo ana uwezo mukubwa juu ya wale wasio nacho. Na historia ya mambo haya, tangu mwanzo hata leo, ni historia ya kujua nani alishika chombo, alipima kwa ajili ya nani, na hesabu aliyoiona aliwaambia nani.

Wengine watasema: Shinkolobwe iko mbali na Kasomeno, jambo hili linatuhusu nini? Ni kweli iko mbali. Toka Lubumbashi, anayekwenda Shinkolobwe anashika njia ya Likasi; anayekuja kwetu anashika njia ya Kasenga, upande mwingine kabisa. Hata maji yetu si mamoja. Maji ya upande wa Likasi yanateremuka katika Lufira na kuingia Lualaba; ya huku yanakwenda Luapula na ziwa Mweru. Lakini anayejua ramani anajua vilevile kwamba maji ya Mweru yanatoka kwa jina la Luvua, nayo yanakutana na Lualaba kule Ankoro. Na tena watu hawafuati mito. Vijana wa vijiji vyetu wanakwenda kutafuta feza katika machimbo ya shaba na kobalti, wanalala kule, wanakunywa maji ya kule, kisha wanarudi. Katekista atakayeulizwa na mama mumoja kama mutoto wake aliyekuwa Likasi ameharibiwa na mionzi atajibu nini? Akisema «usiogope» bila kujua, anadanganya. Akisema «ogopa» bila kujua, anadanganya pia.

Basi kwanza tufahamu maneno, maana wengi wanayachanganya. Katika mwaka 1896, kule Paris, bwana Henri Becquerel aliweka chumvi ya uraniumu juu ya kioo cha kupigia picha, kilichofunikwa vizuri kwa karatasi nyeusi. Nuru ya jua haikukifikia, lakini kioo kikapata alama. Kumbe chumvi ile yenyewe ilikuwa ikitoa mionzi, usiku na muchana, bila kuwashwa na kitu. Kwa jina lake wataalamu wanahesabu leo kwa bekereli: bekereli moja ni atomu moja inayovunjika katika segonde moja. Hesabu hii inaonyesha nguvu ya mionzi iliyo katika jiwe, ao katika maziwa, ao katika matope. Haionyeshi bado mutu amepata hasara gani mwilini. Kwa mwili wa mutu kuna hesabu nyingine, siverti, iliyopewa jina la Rolf Sievert, mutaalamu wa Uswidi. Na kwa kuwa siverti moja ni kubwa mno, tunahesabu kwa milisiverti, ndiyo sehemu moja ya elfu. Kila mutu duniani anapata mionzi toka udongo, hewa, chakula na mbingu juu yake, kadiri ya milisiverti 2.4 kwa mwaka, tukiwachanganya watu wa inchi zote. Juu ya hiyo, sheria za mataifa zinataka kazi za viwanda zisimuongezee raia zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka. Kwa mufanyakazi wa mionzi wanakubali 20.

Kuna tena jambo la muda. Iodini ile inayotoka katika kiwanda cha atomu kilichoharibika inapunguka nusu katika siku 8. Baada ya miezi mitatu karibu yote imekwisha. Seziumu inapunguka nusu katika miaka 30. Radiumu ya Shinkolobwe inataka miaka 1,600, na uraniumu yenyewe miliari 4 na nusu za miaka. Kwa hiyo anayepima iodini lazima akimbie. Anayepima radiumu hana sababu ya kukimbia, lakini hana ruhusa ya kusahau.

Turudi sasa katika Katanga. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyefanya kazi kwa Union Minière du Haut-Katanga, alivumbua mawe ya uraniumu pale Shinkolobwe, karibu na Likasi, muji ulioitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji. Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Siku zile uraniumu haikutafutwa sana, ilitumika kidogo kwa kutia rangi katika vioo na vyungu. Walitafuta radiumu, iliyokuwa dawa ya kansa, na gramu moja yake ilipita bei ya zahabu mara nyingi sana. Mawe yalisafirishwa hata Olen, kule Ubelgiji, na radiumu ikatolewa katika kiwanda cha Olen.

Kisha vita ikaja. Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, aliogopa mawe yasiangukie mikononi mwa Wajeremani, na mwaka 1940 akapeleka tani 1,200 hivi hata New York, zikawekwa katika gala kwenye kisiwa cha Staten Island. Miaka miwili zililala pale. Mwezi wa 9 mwaka 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alikuja kumuona Sengier na kuzinunua. Mawe yale yalikuwa na asilimia 65 ya oksidi ya uraniumu, na mawe ya Marekani yenyewe hayakufika hata asilimia 1. Chimbo lilikuwa limejaa maji, wakalikausha, wakachimba tena. Uraniumu ya bomu lililoangushwa Hiroshima siku ya 6 mwezi wa 8 mwaka 1945 ilitoka Kongo kwa sehemu kubwa. Mambo haya yamesimuliwa mara nyingi, hatuna haja ya kuyarefusha.

Linalosimuliwa mara chache ni hili. Baada ya vita ile chombo cha Geiger kilitembea katika inchi ya Katanga, mikononi mwa watafuta madini. Kilipolia kwa nguvu, walifurahi, wakapiga kigingi, wakaandika katika ramani. Sauti ileile iliyomwambia mutafuta madini «hapa kuna mali» ingaliweza kumwambia mama mwenye shamba «hapa usijenge». Chombo ni kimoja, sauti ni moja. Ni ulizo tu linalobadilika. Ulizo la kwanza liliulizwa kwa bidii katika Katanga yote. Ulizo la pili lilingoja miaka mingi. Mwaka 1960 Union Minière iliacha kuchimba Shinkolobwe, na mashimo ya kushukia yakafungwa kwa saruji. Lakini yale malundo ya mawe yaliyotupwa juu ya uso wa inchi hayakufungwa na saruji yo yote.

Wakati uleule, katika inchi zingine, ulizo la pili lilikuwa limekwisha kuulizwa. Marekani, Warusi, Waingereza na kisha Wafaransa walikuwa wakipasua mabomu ya kujaribu katika hewa, na vumbi lake lilizunguka dunia nzima na kushuka pamoja na mvua. Ndipo wataalamu wa Uswidi, katika miaka ya 1950, waliweka vituo vyenye mashini za kunyonya hewa na kuipitisha katika chujio, kila siku, kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Mabomu ya kwanza yalitoka katika jiwe letu. Hivi Ulaya ilijifunza kupima hewa yake kwa sababu ya kitu kilichozaliwa Shinkolobwe, na Shinkolobwe yenyewe ikabaki bila daftari. Hatusemi hivi kwa kulalamika tu. Tunasema kwa sababu yale madaftari ya Uswidi, yaliyojazwa siku kwa siku na watu ambao labda walichoka kuandika «hakuna kitu, hakuna kitu», yalikuja kuokoa watu, kama tutakavyoona.

Kabla ya hapo ilitokea hatari ya Windscale, kule Uingereza. Siku ya 10 mwezi wa 10 mwaka 1957 waliona moto ndani ya tanuru ya atomu. Iodini ikatoka katika bomba la moshi, ikaanguka juu ya majani, ngombe wakala majani, na watoto wanakunywa maziwa ya ngombe. Serikali haikuwa na sheria iliyo tayari ya kusema maziwa yakifika bekereli ngapi ni mabaya. Wataalamu walipaswa kuitafuta hesabu hiyo mbiombio, moto ukiwa haujapoa. Kisha wakakataza maziwa ya eneo la kilometa 500 za mraba, yakamwagwa. Jambo hili walilifanya vizuri. Lakini Waziri Mukuu Harold Macmillan alizuia ripoti kamili ya wachunguzi, na raia hawakuisoma mpaka miaka 30 ilipopita. Tazama: maziwa yalipimwa, hesabu ikatumika, na maneno yakafichwa. Watu wakaokoka, na hata hivyo uaminifu wao ukapungua.

Tchernobyl ilikuwa kinyume, na mbaya zaidi. Tanuru ya 4 ilipasuka usiku wa siku ya 26 mwezi wa 4 mwaka 1986. Wakaaji wa Pripyat, watu karibu 49,000, waliondolewa siku iliyofuata, nyuma ya saa 36 hivi. Dunia haikuambiwa neno. Siku ya 28, asubuhi, katika kiwanda cha atomu cha Forsmark kule Uswidi, zaidi ya kilometa 1,000 toka Tchernobyl, mufanyakazi mumoja alipita katika chombo cha kupimia, na chombo kikalia juu ya viatu vyake. Walifikiri kiwanda chao wenyewe kimeharibika, wakawatoa wafanyakazi inje. Lakini vituo vingine vya hewa vilionyesha jambo lilelile, na kwa kutazama upepo ulitoka wapi, na kwa kutazama ni aina gani za atomu zilizo katika chujio, wakajua: ni tanuru ya kule Urusi. Jioni ile Moscow ikatangaza, kwa maneno machache.

Kule Polandi vilevile. Kituo kidogo cha Mikołajki, kaskazini mwa inchi, kiliona hewa imebadilika ghafula. Moscow haikuwa imewaambia Wapolandi kitu, ingawa walikuwa rafiki katika siasa. Wataalamu wao hawakungoja. Kwa kusadiki kipimo chao wenyewe, walianza siku ya 29 kugawa dawa ya iodini, na katika siku chache watoto milioni 10 na zaidi wakainywa, ili tezi ya koo ijae iodini nzuri na kukataa ile mbaya. Na katika inchi ya Tchernobyl yenyewe? Siku ya 1 mwezi wa 5, watu wa Kiev walitembea katika maandamano ya sikukuu ya kazi, watoto pia. Katika vijiji vya Ukraini na Belarusi maziwa yalinyweka kama kawaida. Katika miaka iliyofuata, kati ya wale waliokuwa watoto na vijana wakati ule katika sehemu zilizoguswa, kansa ya tezi ya koo ilihesabiwa zaidi ya mara 6,000, na sehemu kubwa yake ilitoka katika maziwa yale. Wengi sana waliponywa kwa kupasuliwa, tumshukuru Mungu. Lakini iodini inakwisha upesi. Kama watoto wangalikataa maziwa kwa miezi miwili tu, hesabu hii ingalikuwa nyingine. Chombo kilikuwapo. Wataalamu wa Kirusi si wajinga. Lililokosekana ni ruhusa ya kusema.

Tunataka kukaa kidogo katika kijiji kimoja cha Belarusi, jina lake Olmany, maana kwa watu wa vijiji kama sisi habari zake zina faida kuliko zile za makao makubwa. Miaka kumi baada ya Tchernobyl watu wa Olmany walikuwa wakiishi katika hofu. Serikali iliwapa sheria nyingi: musile hiki, musiingie musitu ule. Wengine walizishika, wengine waliziacha, na hakuna aliyejua kama zinamufaa. Mwaka 1996 wataalamu wachache walikuja kwa kazi iliyoitwa ETHOS, na badala ya kuleta sheria mupya walileta vyombo vya kupimia na kuwafundisha wamama kuvitumia. Kila nyumba ikapima maziwa yake, viazi vyake, uyoga wake, na kuandika. Ndipo ilionekana kwamba maziwa ya nyumba mbili zilizo jirani yalitofautiana sana, maana ngombe mumoja alikula katika bonde lenye maji na mwingine juu ya kilima. Wakabadilisha malisho, wakapanga majani makavu safi kwa ngombe za watoto wadogo. Seziumu mwilini mwa watoto ikapunguka. Na zaidi ya hiyo, hofu ikapata mupaka: mama alijua uyoga wa musitu huu ni mubaya na viazi vya shamba lake ni vizuri, akaacha kuogopa kila kitu sawasawa.

Hofu nayo inapasa kuhesabiwa. Tunajua namna maneno yanavyokimbia katika Katanga. Mutoto amezaliwa na kilema, watasema ni uraniumu. Mutu ametoka meno, ni uraniumu. Mahindi yamekauka, ni uraniumu. Wengine wamekwisha kukataa kununua mboga za kijiji fulani kwa sababu ya jina lake tu. Sisi si waganga, lakini tunaona kwamba pale pasipo kipimo, hofu na uzembe vinakaa katika nyumba moja: mutu anaogopa jina la jiwe, na jiwe lenyewe analilalia kama muto wa kichwa.

Waingereza walipata somo lingine, kwa njia ya kondoo. Mvua ya Tchernobyl iliangusha seziumu juu ya milima ya Wales na ya Cumbria. Mwezi wa 6 mwaka 1986 serikali ilikataza kuuza kondoo wa sehemu zile, ikawaambia wachungaji kwamba ni kwa wiki tatu tu. Wataalamu walikuwa wamehesabu kwa kufuata udongo wa mfinyanzi, unaoshika seziumu. Lakini udongo wa milima ile ni mweusi na wa majani yaliyooza, ambao unairudisha katika majani kila mwaka. Wachungaji walijua udongo wao, hakuna aliyewauliza. Zile wiki tatu zikawa miaka 26: kupima kondoo mumoja mumoja, chombo kikiwekwa juu ya mwili wake, kuliondolewa mwaka 2012 tu.

Kule Japani, nyuma ya maji makubwa ya siku ya 11 mwezi wa 3 mwaka 2011 na kuharibika kwa kiwanda cha Fukushima, serikali ilikuwa na mashini ya hesabu iliyoonyesha upepo utapeleka mionzi upande gani. Hesabu haikufika kwa watu wakati wake. Wakaaji wengi wa Namie walikimbilia Tsushima, upande wa kaskazini-magharibi, mahali hasa ambapo upepo ulikuwa ukielekea. Baadaye raia walijitengenezea vyombo, wakavifunga katika motokari, wakatembea barabara zote na kuonyesha hesabu kwa kila anayetaka. Kikundi chao kinaitwa Safecast. Na jimbo la Fukushima lenyewe, tangu mwaka 2012, lilipima mchele wake gunia kwa gunia, magunia kama milioni 10 kwa mwaka. Ni kazi ya kuchosha sana, lakini hakuna njia nyingine ya kurudisha jina zuri la mukulima.

Sasa Kongo. Hatukukosa wataalamu, na hapa ni haki kumkumbuka mupadri mumoja, Mgr Luc Gillon. Alikuwa mwenye elimu ya fizika ya atomu, akawa rekta wa Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na Kinshasa, toka mwaka 1954 hata 1967. Ni yeye aliyeomba na kupata kwa Marekani tanuru ndogo ya atomu, TRICO, iliyowaka mwezi wa 6 mwaka 1959, ya kwanza katika Afrika yote. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu. Haikuwa ya kutoa umeme, ilikuwa ya kufundisha na ya kutengeneza vitu vya utafiti na vya dawa. Ya pili, kubwa zaidi, ilifuata mwaka 1972, ikasimama mwaka 2004. Wako waliocheka kwamba padri anaweka atomu juu ya kilima. Tunaona kwamba hakukosea: inchi inayotoa uraniumu lazima iwe na watoto wanaoifahamu. Lakini maabara na walimu vilikaa Kinshasa, na kati ya Kinshasa na Shinkolobwe kuna zaidi ya kilometa 1,400.

Katika nafasi hiyo ndimo wachimbaji wa mikono waliingia, wale tunaowaita «creuseurs». Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, kazi ya Gécamines ilipoanguka, maelfu ya watu walihamia Shinkolobwe, hawakutafuta uraniumu, walitafuta kobalti. Lakini jiwe la kobalti la pale linachanganyika na uraniumu, na mashimo yanajaa radoni, gazi linalozaliwa na radiumu, ambalo mutu analivuta katika mapafu pamoja na vumbi. Wake na watoto waliosha na kuchambua mawe. Mwezi wa 1 mwaka 2004 amri ya Rais ilifunga chimbo, watu waliendelea, mwezi wa 7 shimo likaanguka na kuua watu 8. Ndipo wajumbe wa Umoja wa Mataifa walifika, mwisho wa mwezi wa 10 mwaka uleule, wakapima. Waliona hatari ya kwanza ni kuanguka kwa mashimo, na ya mionzi ni ile ya polepole, ya mutu anayekaa muda murefu katika vumbi na radoni. Wakashauri pabaki pamefungwa. Lakini wachimbaji walikuwa wamekwisha kufukuzwa. Wale waliolala juu ya mawe yale miaka mitano ao sita walikuwa wametawanyika, kila mutu na mapafu yake.

Miaka mitatu nyuma likatokea jambo la muto Mura. Mwaka 2007, katika Likasi, wakubwa wa serikali walikamata tani kama 19 za madini yenye mionzi. Amri ilikuwa yapelekwe Shinkolobwe, yatupwe katika chimbo la zamani. Hayakufika. Mwanzoni mwa mwezi wa 11 waziri wa mazingira alitangaza kwamba zaidi ya tani 17 zimemwagwa katika muto Mura, na kwamba mionzi ya sehemu ya mawe yale ilipita mara 50 kiasi kinachokubaliwa. Akaagiza uchunguzi. Tumusifu kwa kutangaza: katika Tchernobyl neno kama lile halikutoka katika kinywa cha mukubwa wakati wake.

Lakini «mara 50» ni kipimo cha jiwe, si cha maji, wala cha samaki, wala cha mutoto anayeoga. Kwa kujua muto umepata nini ilipasa kuchota maji juu ya mahali pa kutupia na chini yake, kwa siku moja. Kuchukua matope pale maji yanapolala, katika kota na nyuma ya mawe makubwa, kwa sababu uraniumu na radiumu vinashikamana na matope kuliko kukaa katika maji. Kuchukua samaki wanaokula chini, na mboga za bustani zinazonyweshwa kwa ndoo. Halafu kurudi mahali palepale, mwezi kwa mwezi, na kuandika. Wala chombo cha mukononi kinacholia hakitoshi. Matope yanapelekwa katika maabara, na maabara iko mbali. Na tena: udongo wa sehemu ya Likasi una uraniumu yake ya asili tangu kuumbwa kwake. Matope ya Mura yangalikuwa na bekereli zake hata kama hakuna aliyetupa kitu. Mutaalamu atajuaje zipi ni za asili na zipi zilitoka katika motokari ile? Waswidi walifungua madaftari yao ya miaka 30 wakaona siku hewa ilipobadilika. Kwa Mura, njia inayobaki ni kulinganisha maji ya juu na ya chini, mara moja, kabla mambo hayajachanganyika.

Na mwezi wa 11 katika Katanga ni mwezi wa mvua. Muto unajaa, matope yanang'oka katika kota, na kile ambacho kingaliweza kupimwa wiki ile karibu na daraja moja, kinasukumwa polepole kuelekea Lufira.